Maji ni chombo au ni mshiriki? Mjadala wa ayoni, asidi na besi

Maji safi hupitisha umeme kwa shida sana. Friedrich Kohlrausch na Adolf Heydweiller walilionyesha hilo mwaka 1894 kwa maji waliyoyakeneka tena na tena ndani ya ombwe: upitishaji uliobaki ulikuwa mdogo mno, ingawa haukufika sifuri. Maji kama hayo yakitiwa sukari, hali haibadiliki. Yakitiwa chumvi ya mezani, mkondo hupita mara moja. Vitu vya aina hii ya pili huitwa elektroliti, na chembe zinazoubeba umeme ndani ya mmumunyo wake huitwa ayoni. Majina yote mawili yaliingizwa katika sayansi na Michael Faraday mwaka 1834. Faraday aliona kwamba umeme wenyewe ndio unaozipasua molekuli. Baada yake likazuka swali lililowagawa wanakemia hadi karne ya 20: je, ayoni zimo majini hata kabla waya haujaunganishwa?

Ndani ya swali hilo kulikuwa na jingine, ambalo wengi walichelewa kulitambua. Maji yana kazi gani hasa? Ni chombo tu cha kubebea vitu vilivyoyeyuka, au ni mshiriki katika mabadiliko yenyewe? Mjadala ufuatao unazipa sauti pande za hoja, si watu, na kila upande unapewa nafasi ya kutoa lililo bora katika msimamo wake.

Mtetezi wa ayoni: Zimo. Svante Arrhenius aliligusia jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1884 huko Uppsala, akalitamka waziwazi mwaka 1887: chumvi, asidi au besi ikiyeyuka majini, sehemu ya molekuli zake hutengana kuwa ayoni chanya na ayoni hasi, umeme uwepo usiwepo. Ushahidi hautoki kwenye umeme peke yake. Moli moja ya sukari katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86 hivi za Selsiasi, na mshuko huo hufuata idadi ya chembe, si aina yake. Katika mimumunyo hafifu, chumvi ya mezani hushusha karibu maradufu ya sukari yenye moli zilezile, na kalsiamu kloridi karibu mara tatu. Jacobus van 't Hoff alipoandika sheria zake za mimumunyo alilazimika kuongeza kizidisho maalumu kwa ajili ya chumvi, bila kuwa na maelezo ya kukihalalisha. Chembe za ziada zimetoka wapi kama si chumvi kujigawa?

Kuna na joto. Asidi kali ikikutana na besi kali katika mmumunyo hafifu, joto linalotoka ni takriban kilojuli 57 kwa kila moli ya maji inayoundwa. Iwe asidi haidrokloriki au nitriki, iwe sodiamu haidroksidi au ya potasiamu, kiasi ni kilekile. Hilo ni ajabu kama vitu vinne tofauti vinabadilishana washirika. Halina ajabu yoyote kama ayoni za sodiamu na kloridi zinatazama tu, na tendo pekee ni haidrojeni yenye chaji chanya kuungana na haidroksidi yenye chaji hasi.

Mtetezi wa haidreti: Mahesabu ni mazuri, lakini kemia iko wapi? Sodiamu ni metali inayowaka ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu. Kuviweka vyote viwili katika glasi moja ya maji ya chumvi, kila kimoja peke yake, ni madai mazito.

Mtetezi wa ayoni: Hakuna anayeweka sodiamu majini. Ayoni ya sodiamu imekwisha kupoteza elektroni moja, na tabia zake hazifanani na za metali hata kidogo.

Mtetezi wa haidreti: Basi na lijibiwe la nishati. Chumvi ngumu haiyeyuki katika moto wa kawaida wa jikoni. Inahitaji nyuzi 801. Vifungo vyenye nguvu kiasi hicho vinavunjwa na nini ndani ya maji baridi, tena bila glasi kupoa kwa namna ya kutajika? Nadharia ya Arrhenius haina jibu, kwa sababu imeyafanya maji kuwa nafasi tupu. Dmitri Mendeleev, Spencer Pickering na Henry Armstrong hawakuwa wajinga wa hesabu. Walichokataa ni wazo kwamba kitu kilichoyeyuka huishi majini kana kwamba maji hayapo. Kuyeyuka ni kuungana na maji, na bidhaa yake ni haidreti.

Hoja hizo mbili zilikutanishwa ana kwa ana mwaka 1890 mjini Leeds, katika mkutano wa Shirika la Uingereza la Kuendeleza Sayansi, ambako van 't Hoff na Wilhelm Ostwald walifika kuzitetea ayoni. Upande wa ayoni ulitoka na nguvu zaidi, hasa kwa kuwa ulikuwa na kitu ambacho wapinzani hawakuwa nacho: mlinganyo unaoweza kupimwa.

Mlinganyo huo ulikuwa wa Ostwald, wa mwaka 1888, na uliegemea wazo la msawazo. Katika siki, molekuli za asidi asetiki hutengana bila kukoma, na ayoni zake huungana tena bila kukoma. Kasi mbili zikilingana, hesabu ya kila aina hutulia. Ukolezi wa ayoni ya haidrojeni ukizidishwa kwa ukolezi wa ayoni ya asetati, kisha ukagawanywa kwa ukolezi wa asidi iliyobaki nzima, jibu ni konstanti, yaani namba isiyobadilika katika halijoto moja. Kwa asidi asetiki katika nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵. Kutokana na namba hiyo moja hupatikana kwamba mmumunyo wenye moli 0.1 kwa lita hutengana kwa asilimia 1.3 tu, na ukizimuliwa mara mia, utengano hupanda hadi kama asilimia 12.5. Anayeongeza maji kwenye siki hupunguza ukali wa jumla, lakini kila molekuli iliyobaki huwa tayari zaidi kutengana. Vipimo vya upitishaji umeme vilikubaliana na hesabu vizuri mno.

Mtetezi wa haidreti: Vilikubaliana kwa siki. Kwa chumvi ya mezani na asidi haidrokloriki, mlinganyo huohuo hautoi konstanti yoyote. Namba hubadilika kila ukolezi unapobadilika. Nadharia inayoitwa ya elektroliti inashindwa kwenye elektroliti zilizo bora kuliko zote. Tena watetezi wa ayoni walidai kwamba kila tendo la kemikali linalokamilika papo hapo ni tendo la ayoni. Louis Kahlenberg, aliyesomea kwa Ostwald mwenyewe mjini Leipzig kabla ya kurudi Wisconsin, alipitisha gesi ya haidrojeni kloridi mwaka 1902 katika mmumunyo wa oleati ya shaba ndani ya benzini, kimiminika kisichopitisha umeme. Mashapo ya kloridi ya shaba yalijitokeza palepale.

Hapa mpinzani alistahili kusikilizwa zaidi ya alivyosikilizwa. Kasoro ya elektroliti kali haikuwa dosari ndogo ya vipimo. Mwaka 1909 Niels Bjerrum, mwanakemia wa Denmark, alipendekeza kwamba elektroliti kali hazitengani kwa sehemu, hutengana zote. Mwaka 1913 kina Bragg, baba na mwana, walionyesha kwa eksirei kwamba fuwele ya chumvi haina molekuli hata moja: ni mpangilio wa ayoni zinazopokezana nafasi, kwa hiyo kutengana kulikuwa kumekwisha kufanyika kabla maji hayajamiminwa. Kilichobaki ni kueleza kwa nini ayoni zote zikiwa huru bado upitishaji kwa kila moli hupungua mmumunyo ukikolea. Peter Debye na Erich Hückel walitoa jibu mwaka 1923: kila ayoni huzungukwa na wingu la ayoni zenye chaji kinyume, na wingu hilo huichelewesha. Kwa hesabu zao, upungufu hufuata mzizi wa mraba wa ukolezi, kama Kohlrausch alivyokuwa ameupima miaka mingi kabla bila kujua sababu. Ni afadhali kusema wazi kwamba Arrhenius aliipata hoja sahihi kupitia mfano mbaya: chumvi, aliyodhani hutengana kidogo kidogo, ndiyo isiyofuata mlinganyo wa Ostwald, na siki, ambayo haikumpa shida, ndiyo inayoufuata.

Na swali la nishati likajibiwa kwa silaha za upande ulioshindwa. Kuzitenganisha kabisa ayoni za moli moja ya chumvi hugharimu kilojuli 787 hivi. Maji hulipa karibu gharama yote, kwa kuwa molekuli zake, zenye ncha moja hasi na nyingine chanya, huzizunguka ayoni na kutoa nishati karibu sawa na hiyo. Kinachobaki ni kama kilojuli 4, ndiyo maana glasi haipoi kiasi cha mtu kugundua. Haidreti zipo, basi, ila zilizovaa maji ni ayoni, si molekuli. Armstrong hakuridhika; mwaka 1927 alikuwa bado anaandika katika jarida la Nature kuipinga picha ya chumvi isiyo na molekuli. Arrhenius, ambaye tasnifu yake walimu wa Uppsala waliipa alama ya chini, alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Kemia tangu mwaka 1903.

Ugomvi wa pili ulihusu asidi na besi, nao ulirithi udhaifu wa kwanza. Antoine Lavoisier alishikilia kwamba kila asidi ina oksijeni. Humphry Davy aliibomoa hoja hiyo mwaka 1810 kwa kuonyesha kwamba klorini ni elementi, hivyo asidi haidrokloriki haina oksijeni ndani yake. Justus von Liebig aliiweka haidrojeni mahali pa oksijeni mwaka 1838. Arrhenius akaikamilisha: asidi hutoa ayoni ya haidrojeni majini, besi hutoa ayoni ya haidroksidi.

Mtetezi wa ayoni: Tafsiri hiyo inatosha kwa kazi nyingi za maabara, na ndiyo iliyomwezesha Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, kutunga kipimo cha pH mwaka 1909. Maji yenyewe hutengana kidogo. Zao la ukolezi wa ayoni zake mbili katika nyuzi 25 ni 1.0 × 10⁻¹⁴, kwa hiyo katika maji safi kila moja ina moli 10⁻⁷ kwa lita, na pH ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni besi.

Mtetezi wa protoni: Katika nyuzi 25, sawa. Maji safi yanayochemka yana pH ya 6.1 hivi, na hayajawa asidi, maana haidroksidi yake imeongezeka kwa kiasi kilekile. Kutengana kwa maji hunyonya joto, kwa hiyo joto huusukuma msawazo kuelekea ayoni. Namba 7 haina utakatifu wowote. Lakini tatizo kubwa liko kwingine. Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania yamejaa kabonati na bikabonati za sodiamu. Maji yake hufikia pH ya 10 hivi au zaidi. Magadi safi, sodiamu kabonati, yakiyeyushwa kwa moli 0.1 kwa lita, hutoa pH ya karibu 11.6. Katika fomula yake hamna haidroksidi hata moja. Besi imetoka wapi?

Mtetezi wa ayoni: Imetoka kwenye maji. Kabonati huchukua haidrojeni ya molekuli ya maji na kuacha haidroksidi. Jambo hilo lina jina lake, haidrolisisi, na konstanti yake.

Mtetezi wa protoni: Basi imekubaliwa kwamba maji yametoa haidrojeni, na kabonati imeipokea. Kwa nini tendo hili liwekwe katika sura ya pekee? Amonia nayo hufanya vivyo hivyo. Ili kuilinda tafsiri ya zamani, ilibidi ibuniwe molekuli ya amoniamu haidroksidi, ambayo hakuna aliyewahi kuitenga, na bado jina lake limebandikwa kwenye chupa za maabara za shule. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Copenhagen na Thomas Lowry wa Cambridge, bila kushauriana, waliona kwamba sheria moja inatosha: asidi ni kinachotoa protoni, yaani ayoni ya haidrojeni, besi ni kinachopokea. Mbele ya asidi haidrokloriki maji hupokea, kwa hiyo ni besi. Mbele ya kabonati hutoa, kwa hiyo ni asidi.

Faida ya hatua hii haionekani kwenye maneno bali kwenye hesabu. Kila asidi ikishatoa protoni huacha besi inayoweza kuirudisha, na jozi hiyo hufungwa na maji: konstanti ya asidi ikizidishwa kwa konstanti ya besi yake, jibu huwa 10⁻¹⁴. Majedwali matatu ya zamani, la asidi, la besi na la haidrolisisi, yakawa jedwali moja. Bikabonati ina konstanti ya asidi ya 4.7 × 10⁻¹¹, ndogo sana. Kwa hesabu hiyo, kabonati lazima iwe besi yenye konstanti ya 2.1 × 10⁻⁴, ambayo inazidi ya amonia mara kumi na zaidi. pH ya magadi hutoka humo moja kwa moja. Humohumo hutoka kanuni ya mimumunyo kinzani, ambayo Lawrence Henderson aliiandika mwaka 1908: asidi dhaifu ikiwa pamoja na besi yake, pH hutegemea uwiano wao, ndiyo maana damu hubaki karibu na 7.4 huku bikabonati ikiizidi asidi yake kama mara ishirini.

Ziwa Magadi lina mfano mwingine usio wa maabara. Samaki wengi hutupa naitrojeni ya ziada kama amonia kupitia matamvua. Amoniamu hupoteza protoni yake kwa nusu kwenye pH ya 9.25, hivyo katika pH ya 10 sehemu kama asilimia 85 huwa amonia tupu, ambayo ni sumu na hupenya utando wa seli kwa urahisi. Nje ya mwili wa samaki hakuna asidi ya kuigeuza amonia iwe amoniamu na kuizuia isirudi ndani. Perege mdogo wa ziwa hilo, *Alcolapia grahami*, hutupa naitrojeni yake kama yurea, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa samaki wa mifupa wanaoishi majini muda wote.

Mtetezi wa haidreti: Na protoni yenyewe hukaa wapi?

Swali hilo la upande ulioshindwa lilirudi likiwa na nguvu. Protoni tupu haina elektroni hata moja, na maji huishika kwa nishati ya zaidi ya kilojuli 1,000 kwa moli. Hakuna protoni iliyo huru majini. Iliyopo ni haidroniamu, yaani molekuli ya maji iliyopokea protoni, nayo imeshikwa na molekuli nyingine za jirani. Hata mwendo wake si mwendo wa kuogelea. Ayoni ya haidrojeni hubeba umeme kama mara saba ya sodiamu kwa sababu protoni hupokezwa kutoka molekuli hadi molekuli: inayofika upande wa pili si ileile iliyoondoka. Maji hapa ni njia na msafiri kwa pamoja.

Mtetezi wa jozi ya elektroni: Tafsiri ya protoni nayo imefungwa. Gilbert Lewis, mwaka uleule wa 1923, alisema asidi ni kinachopokea jozi ya elektroni na besi ni kinachoitoa. Shabu inayotumika kutuliza tope la maji ni chumvi ya alumini. Mmumunyo wake ni wa asidi, ingawa ayoni ya alumini haina haidrojeni yoyote.

Mtetezi wa protoni: Ayoni hiyo hushika molekuli sita za maji, na mojawapo hutoa protoni. Konstanti yake ni karibu 10⁻⁵, jirani kabisa na ya asidi asetiki. Hakuna haja ya sheria mpya.

Mtetezi wa jozi ya elektroni: Lakini maji yaliyoko mbali na alumini hayatoi protoni kwa wepesi huo. Kinachoyafanya yaitoe ni alumini kuvuta jozi za elektroni za oksijeni. Asidi boriki ni ushahidi ulio wazi zaidi: haitoi protoni yake, bali hupokea haidroksidi kutoka majini, na protoni inayobaki ni ya maji. Kaboni dayoksaidi inayoingia kwenye haidroksidi na kuwa bikabonati hufanya jambo lilelile bila kuwa na haidrojeni.

Upande wa jozi una haki katika kueleza sababu. Upande wa protoni una haki katika kupima. Nguvu ya asidi za Brønsted hupangwa kwa kipimo kimoja, kwa kuwa zote hushindania chembe ileile. Asidi za Lewis hazina mstari mmoja wa namna hiyo: iliyo kali mbele ya besi fulani yaweza kuwa dhaifu mbele ya nyingine, na juhudi za kuzipanga, kama ya Ralph Pearson ya mwaka 1963 iliyozigawa kuwa ngumu na laini, hutoa mwelekeo kuliko namba. Kwa mmumunyo wa maji, anayetaka kukokotoa pH hana sababu ya kumwacha Brønsted.

Ila kipimo hicho nacho kina mipaka, na mipaka hiyo imewekwa na maji. Asidi perikloriki, haidrokloriki na nitriki huonekana majini kuwa na nguvu sawa, kwa sababu zote hukabidhi protoni zake kwa maji karibu kabisa, na kinachopimwa ni haidroniamu ileile. Besi kali kuliko haidroksidi nazo hunyang'anya maji protoni na kuiacha haidroksidi peke yake. Tofauti zilizofichwa hufichuka katika kimiminika kinachopokea protoni kwa uzito zaidi: ndani ya asidi asetiki isiyo na maji, perikloriki huizidi haidrokloriki waziwazi, na haidrokloriki huizidi nitriki. Norris Hall na James Conant walipima mimumunyo ya namna hiyo mwaka 1927 na kukuta ukali ambao maji hayawezi kuuonyesha. Katika amonia iliyofanywa kimiminika mambo hugeuka: amonia hupokea protoni kwa wepesi kuliko maji, na asidi asetiki, inayotengana majini kwa asilimia 1.3, humo huhesabiwa miongoni mwa asidi kali.